Mtoto Anayefumba Macho Mpira Ukija: Mwongozo Kamili wa Kumwanzisha Mwanao Besiboli

Ujumbe ninaoletewa ni ule ule, hubadilika jina la mtoto tu. "Nimemnunulia glavu, nimempeleka kiwanjani, kaenda siku mbili, ya tatu kagoma." Nikiuliza siku hizo mbili zilikwendaje, jibu nalijua kabla sijaandikiwa. Siku ya kwanza alipewa gongo la kupigia, akarushiwa mpira mgumu, akapiga hewa mara tatu, wenzake wakacheka. Siku ya pili mpira ukamgonga kidole. Basi, kwisha.

Na mimi yamenikuta, kwa mwanangu wa kiume alipokuwa na miaka minane. Ami yake anaishi Dar es Salaam, ambako kuna kiwanja cha besiboli pale skuli ya Azania, na ndiye aliyemtia hamu. Akarudi Unguja hazungumzi jengine. Wiki ya pili glavu ilikuwa uvunguni.

Nilichojifunza baada ya hapo ndicho ninachokuandikia. Mtoto anaukimbia mchezo huu kwa sababu anauogopa mpira, na sisi wazee tunamkabidhi gongo kabla hatujamtoa woga. Kwa hiyo humu gongo linakuja hatua ya tano. Utachukua wiki nne, siku tatu kwa wiki, nusu saa au zaidi kidogo kila siku. Inafaa kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, wa kiume au wa kike. Usiruke hatua hata mtoto akikulilia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Mipira ya soksi, minne. Soksi zilizopwaya, zijazwe vitambaa, zishonwe mdomo. Ukubwa wa chungwa.

Mipira ya tenisi, sita. Iliyochakaa ni bora kuliko mipya, kwa kuwa hairuki sana.

Besiboli yenyewe, moja tu. Ina uzito wa gramu 142 hadi 149 na mzingo wa kama sentimita 23, na ni ngumu kama embe bichi. Ifiche mpaka wiki ya nne.

Glavu. Kwa mtoto wa miaka 7 hadi 10, inchi 10 au 11 zinatosha. Kubwa zaidi ya hapo inamshinda kuifunga. Ukienda kutafuta kwenye mitumba Darajani, soma hatua ya tatu kwanza, usije ukafanya kama mimi.

Gongo. Hapa tahadhari ya ulimi: ukimwandikia jamaa wa bara kwamba "natafuta gongo la mtoto", jieleze vizuri, maana kwao hicho ni kinywaji. Urefu uwe sentimita 66 hadi 71 kwa mtoto wa miaka minane au tisa. La dukani likikosekana, seremala atakuchongea kwa mti wa mpera: mwisho liwe nene lisilozidi sentimita 6, mkononi liwe jembamba, na chini kabisa liachwe kidundu ili lisichomoke kiganjani. Lipigwe msasa mpaka lisiwe na kibanzi hata kimoja. Kipimo cha uzito ni hiki: mtoto alinyooshe mbele kwa mkono mmoja, uhesabu mpaka ishirini. Mkono ukitetemeka au ukishuka, ni zito.

Kofia ngumu. Ya baiskeli itakufaa kwa mpira wa soksi na tenisi peke yake. Haikutengenezwa kupokea mpira mgumu, wala haifuniki masikio. Siku ya mpira mgumu lazima iwe ya besiboli hasa, na timu nyingi huwa nazo za kuazimana.

Nguzo ya kuwekea mpira. Chukua ndoo tupu ya rangi, ijaze mchanga, simamisha kipande cha bomba la plastiki katikati, na juu yake chomeka kipande cha mpira wa kumwagilia maji. Huo wa juu unapinda, kwa hiyo gongo likiugusa halivunji kitu. Mpira ukikaa juu yake uwe sawa na kiuno cha mtoto. Wengine hutumia koni ya barabarani, na inafaa sana, ila iwe ya kununua.

Besi nne, yaani alama za chini ambazo mchezaji huzikimbilia na kuzikanyaga. Kata zulia chakavu la mpira la kwenye gari. Msiweke matofali wala mawe kama tufanyavyo magoli ya chandimu. Mtoto atalikanyaga anakimbia, na kifundo cha mguu ndiyo hicho.

## Hatua ya 1: Chagua saa na mahali

Watoto wetu asubuhi wako skuli, mchana wako chuoni wakisoma Kurani. Kilichobaki ni baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Usimnyang'anye chuo kwa ajili ya mpira. Utagombana na bibi yake na utashindwa.

Saa hizo jua liko chini upande wa magharibi. Anayedaka akilielekea, haoni mpira hata kidogo, nawe utadhani mzembe. Mpange mtoto alipe jua mgongo, wewe unayerusha ndiye ulielekee. Hata viwanja vya wakubwa hupendekezwa vijengwe hivyo, anayepiga akitazama mashariki kuelekea kidogo kaskazini, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa wa mjini, kiwanja cha wazi kama Maisara kinafaa mkiwahi kabla wachezaji wa mpira wa miguu hawajakitwaa. Wa pwani mna bahati: siku za bamvua maji yakitoka mbali, mchanga ulioachwa ni mgumu na sawasawa. Mpira haurushwi na mchanga kama na ardhi kavu, lakini akianguka haumii. Shamba, epuka pale mawe ya matumbawe yanapochomoza, na msisimame chini ya minazi yenye nazi kavu. Hilo halihitaji maelezo.

*Umefanikiwa ikiwa:* mmepata mita 15 kwa 15 zisizo na jua usoni, madirisha, wala gari la mtu.

## Hatua ya 2: Ondoa woga wa mpira

Hapa ndipo pa kukaa. Ukiwa na haraka, haraka yako ipeleke hatua nyingine.

Siku ya kwanza nilipomrushia mwanangu mpira wa tenisi, nilimtazama uso badala ya mikono. Mpira ukiwa bado uko katikati ya njia, kidevu kinageuka kushoto, macho yanafumba, mikono inabaki imenyooshwa peke yake kama ya anayetafuta swichi gizani. Alikuwa anadaka kwa kubahatisha. Nimeshatazama watoto wengi tangu siku hiyo, na karibu wote hufanya vile. Mwili unajikinga wenyewe. Kumwambia "usiogope" ni sawa na kumwambia asipige chafya.

Fanya hivi.

Anza na soksi, bila glavu. Simama mita 3 mbele yake. Rusha kwa chini, polepole, uinuke kidogo na kumshukia kifuani. Adake kwa mikono miwili. Mirusho ishirini. Mpira wa soksi hata ukimpiga pua hauumi, na ni vizuri umpige pua mara moja mbili, ili mwili wake ujue hakuna kitu.

Muulize alichokiona. Andika tarakimu kubwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila mpira: 1, 2, 3, 4. Rusha bila kumwonyesha. Kabla hajadaka ataje namba. Hawezi kuitaja macho yakiwa yamefumba, na akili ikishughulika na namba, hofu inakosa nafasi. Kwa mwanangu ilichukua siku mbili kidevu kuacha kugeuka.

Mfundishe vidole viangalie wapi. Mpira ukija juu ya kitovu, vidole vielekee juu na vidole gumba vikaribiane. Ukija chini ya kitovu, vidole vielekee chini, vidole vidogo vikaribiane. Mtoto akidaka mpira wa juu kwa vidole vilivyoelekea chini, mpira huteleza na kumpanda usoni, na woga wote hurudi siku moja.

Hamia tenisi, kisha ongeza umbali. Mita 3, halafu 5, halafu 8. Usiongeze umbali na kasi siku moja.

Mtoto wa kike aliyezoea mdako huwa mbele hapa. Amekaa barazani miaka anarusha kete juu, anachota nyingine shimoni, anaiwahi ile ya kwanza kabla haijaanguka. Jicho lake na mkono wake vimeshaoana. Aliyecheza rede yeye anajua kuukwepa mpira, nako kuna faida yake, ila itabidi umkumbushe kwamba humu mpira unafuatwa.

Tahadhari. Usimrushie kwa nguvu ili "azoee". Na usimcheke. Kaka mkubwa anayecheka pembeni mtume dukani.

*Umefanikiwa ikiwa:* kwa mita 8, mpira wa tenisi, anadaka minane kati ya kumi na kidevu hakigeuki. Akidaka kumi huku amegeuza uso, bado hajafika.

## Hatua ya 3: Mvishe glavu, mkono unaostahiki

Glavu huvaliwa mkono *usiorusha*. Mtoto anayerushia kulia, glavu inakaa kushoto.

Ukisoma hivyo unaona jambo jepesi. Mimi nilinunua mtumba wa ngozi safi, bei ya kutupa, nikafurahi mwenyewe njia nzima. Ulikuwa wa mkono wa kulia, yaani wa mtoto mashoto. Nikamvisha, maana mkono wa kulia ndio wenye nguvu, au sivyo? Wiki nzima mtoto anadaka kwa kulia, kisha anaurudisha mpira kwa kushoto, unadondokea miguuni pake, ananitazama. Bibi yake, aliyekuwa amekaa barazani akichambua mchele, ndiye aliyesema, "Mbona umemfunga mkono wa kazi?"

Kama glavu ni mpya na ina lebo, herufi RHT ni ya anayerushia kulia, LHT ni ya mashoto. Kama haina lebo, ivae mwenyewe: kidole gumba kikikaa sawa kwenye mkono wa kushoto, ni ya anayerushia kulia.

Na kama mwanao ni mashoto, mwache arushie kushoto. Kula na kupokea ni kwa kulia, tumekubaliana, lakini mpira hauna sharti hilo, na makocha humtafuta mrushaji wa kushoto kwa sababu wapigaji hawajamzoea.

Kuilainisha. Glavu mpya ni kavu kama kiatu cha idi. Paka vazelini kidogo kwenye kiganja na mikunjo, futa, tia mpira ndani, ifunge kwa kipande cha kanga usiku kucha. Rudia siku nne tano. Usiiloweke kwa mafuta ya nazi, hata kama nyumba nzima inakushauri. Ngozi itanywa, iwe nzito, na panya watakuja kuikagua. Usiianike juani pia.

Kudakia. Mpira ukae kwenye mfuko ulio baina ya kidole gumba na shahada, si kiganjani. Ukigonga kiganja unauma hata kwa glavu. Mkono wa pili uwe karibu, ufunike mara mpira unapoingia, na uwe tayari kuuchomoa.

*Umefanikiwa ikiwa:* anaweza kuifunga glavu kwa mkono mmoja, na ukisikiliza mpira ukiingia unasikia "pwa!" badala ya "ta!". Sauti haidanganyi.

## Hatua ya 4: Kurusha

Mtoto wa Unguja au Pemba asiyewahi kuangua embe kwa jiwe sijui kama yupo. Kwa hiyo mkono upo. Tatizo ni kwamba wanarusha kwa mkono mtupu, mwili umesimama kama mlingoti, na mkono huo huo ndio unaoumia baadaye.

Asimame ubavu, bega la kushoto likielekea kwako (kwa anayerushia kulia). Ashike mpira kwa ncha za vidole, viwili juu na gumba chini. Kiganja kidogo kinaruhusiwa vidole vitatu. Kiwiko kipande mpaka usawa wa bega. Apige hatua kwa mguu wa kushoto kuja kwako, kiuno kizunguke, mkono ufuate mwisho na kuishia karibu na goti la kushoto. Mwambie, "Mguu, kiuno, mkono," kwa sauti, kila mrusho, mpaka achoke kukusikia.

Walio wengi hupiga hatua kwa mguu wa upande ule ule wa mkono. Chora mstari mchangani na uweke alama ya unyayo pale mguu unapotakiwa kutua. Siku moja inatosha.

Mkono wa mtoto una kikomo. Mifupa yake bado inakua, na kiwiko ndicho kinacholipa. Kanuni za ligi za watoto Marekani zimeweka kikomo cha mirusho ya mechi kwa siku: miaka 7 na 8 ni 50, miaka 9 na 10 ni 75, miaka 11 na 12 ni 85. Akirusha zaidi ya 20 apumzike angalau siku moja, na akipita 65 apumzike siku nne. Nyumbani mimi sivuki arobaini. Mipira ya kupinda hewani, ambayo ataiona kwenye simu na kukuomba, isubiri awe mkubwa.

Akisema kiwiko au bega linauma, mmemaliza siku hiyo na kesho yake pia. Maumivu yakirudi kila akirusha, mpeleke kwa daktari, msichue tu kwa mafuta.

*Umefanikiwa ikiwa:* kutoka mita 10, mirusho sita kati ya kumi inakufikia kifuani bila wewe kuhama.

## Hatua ya 5: Sasa gongo

Kabla hajalishika, chora duara. Asimame katikati, anyooshe mkono na gongo, azunguke. Ongeza hatua mbili kubwa nje ya hapo. Hakuna anayeingia duara hilo, khasa mdogo wake wa miaka minne ambaye anataka kujua kila kitu. Ajali mbaya za mazoezi ya nyumbani hazitoki kwenye mpira peke yake, hutoka pia kwenye gongo lililompata mtu aliyesimama nyuma.

Anza kwenye nguzo, mpira umetulia. Kuupiga mpira unaotembea ni mambo mawili kwa pamoja: kuutazama na kuzungusha. Nguzo inamwezesha kujifunza moja kwanza.

Mkono wa kulia uwe juu, wa kushoto chini, ikigusana (mashoto kinyume chake). Zile fundo za katikati za vidole vya mikono yote miwili ziwe kwenye mstari mmoja. Miguu ipanuke kuliko mabega, magoti yalegee. Gongo likae nyuma ya bega bila kulilalia. Hatua fupi ya mguu wa mbele, kiuno kizunguke, gongo lipite sawa na ardhi. Macho yabaki kwenye nguzo hata baada ya mpira kuondoka. Hilo la mwisho ndilo gumu: kila mtoto anataka kuona ulikokwenda. Mwambie wewe ndiye utakayemhadithia.

Akiwa anagonga nguzo badala ya mpira, yuko mbali mno au anashusha bega la nyuma kama anayekata kuni. Msogeze nusu hatua mbele.

Halafu mfundishe kuliacha gongo. Akishapiga, aliangushe pembeni yake na kukimbia. Watoto hulirusha nyuma kwa furaha, na nyuma kuna mdakaji na mwamuzi. Mazoezi kumi ya kuliangusha tu, bila mpira. Watachoka, na wewe utachoka, fanyeni.

Wiki ya pili ya gongo, piga goti upande wake, mbele kidogo, umrushie mpira wa soksi kwa chini. Ukipatikana mpigo safi, hamia tenisi, ukiwa umesimama mbele mita 6.

*Umefanikiwa ikiwa:* saba kati ya kumi ya nguzo inakwenda mbele, na mitatu kati ya kumi ya kurushiwa inaguswa. Ndiyo, mitatu. Kwenye ligi kuu ya Marekani, anayefanikiwa kupiga mara tatu kati ya kumi anahesabiwa mpigaji hodari. Mweleze mtoto hilo mapema, kabla hajaona aibu.

## Hatua ya 6: Kanuni, kwa ndara nne

Usimsomee kanuni. Panga ndara nne uani kwa umbo la pembe nne, mtembee pamoja.

Ndara ya kwanza ni nyumbani, ndipo anaposimama mpigaji. Akipiga anakimbilia ya *kulia*, hiyo ndiyo besi ya kwanza, kisha ya juu, ndiyo ya pili, kisha ya kushoto, ndiyo ya tatu, arudi nyumbani apate alama moja. Sisitiza kulia. Wengi siku ya kwanza hukimbilia kushoto na kiwanja kizima kinapiga kelele. Kwenye uwanja wa watoto kutoka besi hadi besi ni mita 18 na kidogo. Wakubwa wana 27.

Akikosa au kuachia mipira mitatu mizuri, yaani inayopita juu ya ndara ya nyumbani baina ya magoti na kifua chake, ametolewa. Akirushiwa minne mibaya bila kuipiga, anatembea besi ya kwanza bure. Mpira alioupiga ukidakwa kabla ya kugusa chini, ametolewa. Mpira ukimtangulia besi ya kwanza, ametolewa. Watatu wakitolewa, timu zinabadilishana. Watoto hucheza zamu sita, kila upande una wachezaji tisa.

Jambo moja la kulifanyia mazoezi: besi ya kwanza anaweza kuipita kwa mbio bila kosa, kwa hiyo asipunguze mwendo. Ya pili na ya tatu lazima asimame juu yake, akiiacha na akaguswa na mpira, nje.

Kama mtaani kwenu hakuna timu, kuna mchezo wa besiboli ya watano. Hauna gongo wala glavu; mpigaji anaupiga mpira laini wa raba kwa mkono. Kiwanja ni mita 21 kwa 21, besi zimepishana mita 13, zamu tano, wavulana na wasichana pamoja. Kanuni za kukimbia ni karibu hizo hizo. Umo kwenye michezo ya Olimpiki ya vijana ya Dakar, Senegali, ya mwaka 2026, kwa hiyo usimwambie mtu ni mchezo wa mzaha. Uwanja wa skuli wa Wete au Chake Chake unatosha, na mpira mmoja.

## Hatua ya 7: Siku ya kwanza uwanjani

Siku tatu kabla, mtolee ile besiboli ngumu. Aishike, ainuse, ahesabu mishono kama anapenda. Mrushie polepole kwa glavu kutoka mita 5. Asikutane nayo mara ya kwanza mbele ya watu. Na kuanzia mpira huo, mtoto wa kiume avae kinga ya sehemu za siri. Usione haya kuuliza.

Ale saa mbili kabla, chakula cha kawaida. Maji lita moja, kofia ya jua. Mtoto wa kike avae hijabu ya kushonwa isiyo na pini, mikia yake ichomekwe ndani ya fulana. Pini ikigongwa na mpira inaingia shingoni. Suruali ndefu ni bora kwa wote, kwa ajili ya magoti. Mwezi wa Ramadhani sisi husogeza mazoezi baada ya kufuturu penye taa, au tunaacha kabisa.

Mwone kocha kabla ya mechi, useme hivi: "Maalim, mpira mgumu ameujua siku tatu tu, naomba aanze nyuma." Maalim mwenye busara atamweka eneo la nje, ambako mipira ni michache na inakuja kwa mbali. Kisha kaa. Wewe usiwe kocha wa pili. Mtoto anayesikia "Inua kiwiko!" kutoka kwa mama yake wakati mpira unakuja, anageuka kumtazama mama yake.

Mechi ya kwanza ya mwanangu, mara ya kwanza kupiga alikosa yote mitatu. Mara ya pili mrushaji wa wenzao alitetereka, akapewa besi ya kwanza bure, akatembea kwa maringo kama aliyenunua uwanja. Zamu ya tano, akiwa nje upande wa kulia, mpira ukapigwa juu, ukaja kwake. Nilikishika kitambaa cha kichwa mwenyewe. Niliona kidevu. Hakikugeuka. Mpira ukaingia, "pwa!", na yeye akabaki ameinamia glavu anautazama kama aliyeokota yai la kanga, wenzake wanampigia kelele aurushe, maana mkimbiaji wa besi ya pili alishangojea udakwe na sasa yuko mbioni kwenda ya tatu. Hakusikia. Walifungwa, sikumbuki ngapi.

Njiani usimuulize kashinda au kashindwa, alikuwepo na anajua. Muulize mpira gani ulikuwa mgumu kuuona. Jibu lake ndilo zoezi lenu la wiki ijayo.

Dalili za kutopuuza. Mpira ukimpiga kichwani, anatoka, hata akisema yuko sawa. Akitapika, akalalamika kichwa, akachanganyikiwa au akashikwa na usingizi usio wake, hospitali mara moja. Ukimpiga kifuani akaanguka na hajibu, hiyo ni dharura ya moyo: mtu mmoja apigie msaada, mwengine aanze kumkandamiza kifua papo hapo bila kungoja.

*Umefanikiwa ikiwa:* asubuhi yake anauliza mechi ijayo ni lini.

## Kutunza vifaa

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na masika ndiyo balaa. Glavu iliyotupwa uvunguni baada ya mvua hupata ukungu wa kijani kwa wiki. Futa mchanga kwa kitambaa kikavu, tia mpira ndani ili isipoteze umbo, itundike kwenye msumari penye upepo. Gongo la mpera lisiegemezwe ukutani muda mrefu, linapinda. Lilaze juu ya kabati. Ukiona ufa hata mwembamba kama unywele karibu na mkono, lisipigiwe tena. La kwetu lilipasuka mwezi wa tatu, na sasa bibi yake analisongea ugali.